Jino la Quresh

Mosi ndiye aliyemwingiza, na hakunionya. Alifungua mlango wa chumba cha meno kama anavyowafungulia wagonjwa wote, akasema, "Dokta, huyu hajalala kwa maumivu, tumtangulize," kisha akatoka mbio. Nesi mzima wa miaka hamsini na tano anakimbia kama mwizi wa kuku. Nikainua uso kutoka kwenye daftari langu. Mbele yangu kasimama Quresh.

Miezi mitatu. Miezi mitatu na siku nne, kama kuna mtu aliniuliza, na hakuna aliyeniuliza. Simu hapokei. Nikipita mbele ya duka lao la vitambaa pale Mtaa wa India, yeye anajitia stoo. Siku moja nilimfuma uso kwa uso kwenye foleni ya benki, akanisalimia huku kauziba mdomo kwa mkono, macho juu, anatazama feni. Feni! Mie niliyemsubiri miaka miwili amlainishe mama yake, nasalimiwa na mtu anayetazama feni.

Sasa huyu hapa, na barakoa usoni, kidevu kimetuna, shati halijapigwa pasi.

"Assalaam alaykum, Adila."

"Waalaykum salaam. Hapa naitwa dokta. Kaa kwenye kiti."

Shangazi yangu husema mie hasira zangu ziko karibu na pua, na kweli, siku zote hizo nilikuwa nimemwandalia Quresh maneno ya kumkalisha chini. Nilikuwa nayafanyia mazoezi jikoni. Lakini wallahi, alipokaa kwenye kile kiti na kuinamisha kichwa, nilitamani nimuulize amekula nini, analala saa ngapi, nani anampigia pasi. Nikaona haya mwenyewe. Nikageukia sinki, nikanawa mikono mara mbili.

Na siku yenyewe aliyoichagua! Alhamisi hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, washenga wa Alawi walikuwa wanakuja kwetu kutoka Kiwangwa kuchukua jibu la posa. Jibu lilikuwa langu, na nilikuwa nimelitoa bila kufungua kinywa.

Kwetu mwanamwali akiulizwa kuhusu posa haropoki "ndiyo, namtaka." Ananyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Jumapili baba yangu, Mzee Mwinyimvua, aliniita ukumbini. Akasema, "Mwanangu, Alawi wa Kiwangwa ameleta posa. Ana shamba la mananasi, ana sala zake tano, hana ugomvi na mtu. Unasemaje?" Nilitaka kusema ninaye mtu. Nikamkumbuka mtu mwenyewe, anatazama feni. Nikainamisha uso. Baba akangoja. Shangazi Sikuzani, aliyenilea tangu mama yangu afariki, akangoja kidogo tu, halafu akapiga kigelegele kilichofika nyumba ya tatu. Nilijua fika kile kimya kimesomwaje. Nikakiacha. Nikasema moyoni, na iwe hivyo hivyo, Quresh akome. Mapenzi yana ujinga wake, mtu unajichoma mwenyewe ukitaraji mwenzio ndiye aungue.

Na Alawi wa watu hana kosa. Alileta mananasi sita, matamu mpaka jirani akarudi kuomba la pili. Kila nilipokula nilijisikia mwizi.

"Vua barakoa," nilimwambia Quresh nikivaa glavu.

Hakuvua.

"Jino haliangaliwi juu ya kitambaa, Quresh."

"Kwanza nataka nikwambie kitu."

"Watu hawaji hapa kuongea. Wanakuja kufungua midomo. Na kama ulikuwa na la kusema, simu yangu ni ile ile."

Akaangalia viatu vyake. "Jana nilikwenda Dar. Nilifika mpaka kwenye mlango wa daktari wa meno, Kariakoo. Nikageuza."

"Uliogopa sindano?"

"Niliwaza, mtu mwingine akiuona mdomo wangu kabla yako, nitakuwa nimekuficha mara mbili."

Sikumwelewa. Nikavuta taa. Akaivua barakoa taratibu, upande mmoja wa sikio, kisha upande wa pili, akafungua mdomo, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu. Embe. Embe dodo limeiva, limemenywa, tamu la kukera. Tulikuwa mwezi wa saba. Soko zima la Bagamoyo usingepata embe hata la kutibia.

Siku ya Idi, alipokuja kwetu kumpa baba mkono wa sikukuu, nilisikia harufu kama hiyo, ila ile ilikuwa ya zabibu. Nikadhani peremende. Mie, tabibu wa meno, mwenye cheti ukutani!

"Vepu," nikasema.

Akafumba macho.

"Quresh, unavuta sigara ya umeme. Tangu lini?"

Akainua vidole viwili.

"Miezi miwili?"

Akatikisa kichwa.

"Miaka miwili! Miaka miwili unakuja kwetu, unakaa barazani, unanywa kahawa na baba, na una kidude mfukoni?"

Akainamisha kichwa kukubali. Nikachukua kioo changu kidogo, nikaingia.

Meno ya Quresh nilikuwa nayajua. Acha nikwambie ukweli, yalianza kunichukua meno yake kabla hayajanichukua macho yake. Alikuwa akicheka anacheka yote, ya juu na ya chini, bila kiburi, mteja akiomba apunguziwe bei anacheka, fundi akiharibu kitambaa anacheka. Nilikuwa nikitumwa uzi, narudi nyumbani nimenunua na vifungo nisivyovihitaji, ili tu nimwone akicheka mara moja zaidi.

Sasa nayatazama chini ya taa. Fizi zilikuwa zimerudi nyuma mpaka mizizi ya meno inachungulia. Hazikuwa nyekundu, zilikuwa na rangi iliyofifia, rangi ya kitu kisichofikiwa na damu. Mate hayakuwepo, kioo changu kilinata kwenye shavu. Shingoni mwa meno, pale yanapokutana na fizi, kulikuwa na madoa ya kahawia, nikigusa kwa ncha ya chombo yanabonyea. Ukoga umejijengea nyuma. Na chini, mbele, fizi imevimba jipu, na jino la katikati nililigusa kwa kidole tu likacheza.

Nikaweka kioo chini. Nilitaka kulia, nikagombeza.

"Nani alikuambia hivi vidude havina madhara? Nani? Maana kuna mtu alikuambia, wewe si mtu wa kuamka asubuhi ukajianzia. 'Ni mvuke tu,' siyo? 'Ni maji na harufu.' Hayo maji yana nikotini, na nikotini inabana mishipa ya fizi. Fizi inaoza haitoi hata damu ya kukuonya. Mtu mwingine angeona damu kwenye mswaki akaja mapema, wewe unasukutua unaona safi, unajiambia huumwi. Na utamu wake unaganda kwenye meno, na mdomo unakauka, na mate ndiyo mlinzi wa meno, Quresh, umemfukuza mlinzi umewaachia wezi nyumba! Unanisikia?"

"Aah," alisema, mdomo wazi.

"Usinijibu."

"Aah."

"Nimesema usinijibu! Miezi mitatu hukunijibu, leo ndiyo unataka?"

Chozi likamtoka kwenye kona ya jicho, likatelemka kuelekea sikioni. Kiti cha meno kinamlaza mtu hivyo, akilia machozi yanaingia masikioni, nimewaona wengi. Nikalifuta kwa mgongo wa kidole. Nilikuwa na glavu, lakini ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumgusa Quresh usoni. Miaka miwili ya kutamani, na ilipokuja ikaja na mpira katikati. Sikuutoa mkono upesi kama nilivyotakiwa. Yeye naye hakusogea. Tukabaki hivyo mpaka kikohozi cha Mosi kikasikika nje ya mlango.

"Hili la katikati siwezi kuliokoa," nilisema nikigeuka kutafuta sindano. "Mfupa umeliacha. Likibaki, jipu litarudi, litayachukua na ya pembeni. La jirani linalegea lakini lina matumaini. Mengine tutayasafisha kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Nitakutia ganzi. Ikikolea nang'oa."

"Ling'oe," alisema. "Lakini kabla ulimi haujafa, nisikilize."

Nikamchoma. Hakulalamika. Ganzi huchukua dakika chache kukolea, na kwa kawaida dakika zile nazitumia kuandika. Siku ile nilivuta kigoda nikakaa.

"Sema."

"Nilianza siku mama aliposema hapana mara ya kwanza. Nilikuwa siwezi kukaa dukani, nakata vitambaa vya wateja kombo. Binamu yangu Zishan anaviuza Dar, akanipa kimoja, akasema vuta hiki utulie. Kweli nikatulia. Kisha nikawa situlii bila hicho. Nakificha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ramadhani hii, Adila, nilikuwa nikifuturu kwa tende moja, navuta mpaka daku. Mchana kutwa nafunga, sifikirii chakula, nafikiria kile tu."

"Astaghfirullah."

"Siku ya Idi, kwenu. Shangazi yako alinipa mkate wa kumimina. Niliuma, nikaona nimeacha usaha kwenye kipande. Nikakifunga kwenye leso, nikakitia mfukoni. Wewe ulikuwa mlangoni, umevaa dera la kijani, unanicheka ukidhani nimekimaliza haraka. Nikajiuliza, mwanamke huyu kazi yake ni midomo ya watu. Atanioa mimi na mdomo huu?"

"Mwanamke haoi, Quresh, anaolewa."

"Unajua ninachosema."

Nilijua. Nilijua sana. Ila moyo wangu ulikuwa na swali moja, lile lililoninyima usingizi tangu Idi, nikaona leo lazima niliulize hata kama jibu litaniua.

"Na mama yako? Ndiye aliyekukataza kupokea simu yangu?"

Ganzi ilikuwa imeanza kumshika, mdomo wa chini unalegea upande. Aliposema, maneno yalitoka mazito, lakini nililisikia kila moja.

"Mama alikubali."

"Nini?"

"Mama alikubali, Adila. Mfungo Mosi, wiki ya pili baada ya Idi. Alisema, 'Nimechoka kukuona hucheki. Nenda kamlete yule binti wa Mzee Mwinyimvua, labda nyumba hii itapata kicheko.' Tangu hapo kila Ijumaa ananiuliza barua inapelekwa lini. Mimi ndiye ninayesema bado. Nilitaka nipone kwanza. Nilitaka nije na meno yangu."

Mwenzangu, nilisimama. Sikumbuki kusimama, nilijikuta tu niko dirishani na mgongo nimempa. Miaka miwili nilimwomba Mungu aulainishe moyo wa mama yake, Bi Mehzabin. Kila sijida. Nilifunga hata sunna za Jumatatu na Alhamisi. Kumbe dua imepokelewa zamani, barua imezuiwa na mtu mmoja, kwa aibu ya fizi! Nikawaza kile kimya changu cha Jumapili. Nikawaza kigelegele cha shangazi. Kama angenipigia simu hata Jumamosi. Kama angeniandikia neno moja, nina jino bovu, nionee huruma, basi.

"Dokta," sauti yake nzito ikaita. "Adila. Sema kitu."

"Fungua mdomo," nikasema.

Jino lilitoka bila kazi. Hilo ndilo lililoniumiza, maana jino la mbele la kijana wa miaka thelathini na moja lilitakiwa kunipa shida. Nikaliweka kwenye sahani, likagonga. Nikasafisha jipu, nikakunja pamba, nikaiweka kwenye shimo.

"Uma. Nguvu. Nusu saa hufungui mdomo, huongei, hutemi mate. Na ukivuta hicho kidude leo, donge la damu linaloziba shimo litanyonywa litoke, utabaki na mfupa mtupu, na maumivu ya jana utayaita starehe. Umenielewa?"

Akainamisha kichwa.

Sasa ndipo nilipomwambia. Najua, ningeweza kumwambia mapema, akiwa na ulimi wa kujibu. Sikutaka. Nilitaka na yeye aonje kuwa na neno kooni na usiweze kulitoa.

"Leo alasiri wanakuja washenga kutoka Kiwangwa. Alawi ameniposa. Jumapili baba aliniuliza."

Macho yalimtoka. Akainuka kwenye kiti, mkono ukaenda kwenye pamba.

"Uma!" nikamfokea. "Ukitoa hiyo pamba utavuja damu mpaka shatini, na mie sitakufulia."

Akauma. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Mikono yote miwili akaifungua, akauliza kwa mikono, ukasemaje?

"Nilinyamaza."

Kwao ni Wahindi, lakini wameishi na sisi vizazi vitatu, anajua kimya cha mwanamwali ni nini. Mabega yakamshuka. Halafu akaivuta kalamu mezani kwangu, akageuza kadi yake ya mgonjwa, akaanza kuandika mbio mbio. Aliposogeza kadi, sikuipokea.

"Sitaki kuandikiwa. Miezi mitatu nimekuwa nikisoma meseji zako za 'niko bize nitakutafuta.' Basi, nimesoma vya kutosha."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kidude chenyewe. Kidogo, kina rangi ya chungwa, kizuri kama kitu cha kuchezea mtoto. Akakisogeza kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Nacho usinipe mie," nikasema. "Ukinipa mie utakuwa umeacha kwa sababu yangu, na siku nikikuudhi utakirudia. Mie naweza kukung'oa jino, Quresh, kiu ya kuvuta siwezi kukung'oa. Utakiacha wewe. Utatetemeka, utakasirika, hutalala, na utakuja hapa kila Jumanne, yupo daktari mwingine wa Jumanne, atakusimamia mpaka uache na atakusafisha fizi. Siyo mie."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akanionyesha saa ukutani, akanionyesha mlango, akajigusa kifua. Alitaka kwenda kwa baba, sasa hivi, hivyo alivyo.

"Hapana! Usije kwetu leo. Utamwambia nini baba na mdomo uliojaa pamba? Na ukija leo utakuwa umekuja kwa kumwogopa Alawi. Miezi mitatu mlango ulikuwa wazi hukuja. Kama utakuja, njoo siku unajua kwamba umekuja kwa kunitaka, na hicho kidude huna."

Nikamfungulia mlango. Alisimama kizingitini muda mrefu, kidevu kimekufa ganzi, damu kidogo kwenye pembe ya mdomo. Aliinua mkono kutaka kuuficha mdomo kama alivyozoea, kisha akaushusha. Akaniachia nimwone. Halafu akaenda.

Mosi aliingia na ufagio. "Sasa dokta, ndiyo nini?"

"Ndiyo nini nini?"

"Ulimwambia kwamba wewe unamtaka, au hukumwambia?"

"Hakuuliza."

"Hakuuliza! Mtu kang'olewa jino, ana pamba mdomoni, atauliza vipi?" Akapiga ufagio chini. "Nyie wawili mtanitia shinikizo la damu. Mmoja anafunga mdomo kwa aibu, mwingine kwa kiburi. Nenda nyumbani. Wagonjwa waliobaki nitawaambia waje kesho."

Nilifika nyumbani watu wanatoka msikitini, sala ya alasiri imekwisha. Uani kunanukia wali wa nazi, majirani wanakuna na kupepeta, shangazi kavaa kanga mpya. Baba alikuwa amerudi kutoka msikitini, yuko bombani anaosha miguu. Alifanya kazi mashamba ya chumvi miaka thelathini, na miguu yake ina nyufa za chumvi mpaka leo. Nilimwona anaiosha taratibu, uso wake una furaha, nikatamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Baba, Jumapili ulikisoma kimya changu vibaya."

Shangazi aliangusha kijiko. Baba akafunga bomba.

"Sema vizuri nikusikie."

"Nilinyamaza kwa hasira. Haikuwa ridhaa. Nilikuwa nimemkasirikia mtu, nikakuachia wewe uamini ninakubali. Kosa ni langu, baba, si lako. Alawi simtaki. Hana ubaya wowote, ila simtaki."

"Adila!" shangazi akaja na mikono kichwani. "Makubwa haya! Watu wako njiani, wali uko motoni, nimeshawaambia mtaa mzima. Ulikuwa na mdomo Jumapili!"

"Nilikuwa nao, shangazi. Sikuutumia."

Baba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Unaye mwingine?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Quresh. Wa duka la vitambaa."

"Yule aliyekuja Idi, akala kipande kimoja akakimbia?"

"Ndiye."

"Na yuko wapi? Mtu anayemtaka binti yangu mbona haji kusema?"

"Leo hawezi kusema, baba. Nimemng'oa jino."

Baba alinitazama. Kuna kitu kilimpita usoni, sijui ilikuwa hasira au kicheko, kilipita haraka. "Alikutuma uje kuniambia haya?"

"Hapana."

"Kakuahidi atakuja?"

Hapo nilitamani sana kudanganya. Neno moja tu, ndiyo baba, kaahidi, na mambo yangekuwa mepesi. "Hakuahidi kitu. Anaumwa, ana tabia mbaya ya kuvuta, na amenificha. Sijui kama ataacha. Sijui kama atakuja."

"Na bado unavunja posa ya mtu wa maana."

"Ndiyo, baba."

Nje gari likasimama. Sauti za wazee zikasikika, "Hodi wenyewe!" Shangazi akashika kichwa upya. Baba akafuta uso kwa kanzu, akanyoosha kofia.

"Mimi nilishawatumia neno la ndiyo kwa kimya chako," alisema. "Siwezi kulirudisha kwa mdomo wangu. Utalirudisha wewe. Jifunge ushungi, uje ukumbini."

Mwanamwali haingii ukumbini kwa washenga. Sijawahi kuona, sijawahi kusikia. Lakini nilijifunga ushungi, nikaingia. Walikuwa wanne, wamevaa kanzu safi, wamebeba mkungu wa ndizi na mananasi mengine. Mkubwa wao alikuwa Mzee Abdulazizi, ami yake Alawi. Aliponiona akaweka kikombe chini kabla hajanywa.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, binti. Kheri?"

"Kheri, inshallah. Nimekuja kuomba radhi." Nikawaambia yote, kwamba niliulizwa nikanyamaza, kwamba kimya kile kilikuwa na machozi na hakikuwa na ridhaa, kwamba kijana wao ni mwema na anastahili mke atakayefurahi akisikia gari lake. Nikasema waninyooshee mie kidole, wasimnyooshee baba yangu. Nilikuwa nalia, lakini nilisema mpaka mwisho.

Mmoja wao akaanza kusema kitu kikali, Mzee Abdulazizi akamgusa goti.

"Binti," alisema, "mwaka juzi tulimwoza mwanangu mwenyewe kwa kimya namna hiyo. Wamekaa miezi minne, wameachana, na mpaka leo familia mbili hazipeani mkono. Umetutia aibu, sikufichi. Lakini aibu ya leo tutarudi nayo Kiwangwa, tutailala, itakwisha. Huyo uliyemchagua anajua kwamba uko hapa mbele yetu?"

"Hajui, mzee."

"Basi Mungu akusimamie, maana umesimama peke yako."

Hawakula wali. Waliacha mananasi, kwa sababu kitu kilichopelekwa hakirudi. Baba aliwasindikiza mpaka garini, na aliporudi alipita karibu yangu bila neno, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilikaa jikoni, nimeshika magoti. Sina posa, sina mchumba, na heshima ya baba yangu nimeivuruga mbele ya watu. Simu iko mapajani, haina meseji.

Shangazi Sikuzani alikuja akaketi karibu yangu, akahema. Hasira zilikuwa zimemwisha, akanishika mkono.

"Na asipokuja, mama?"

"Nitakuwa sikuolewa na mtu nisiyemtaka."

"Hilo nimelisikia ukumbini. Mimi nakuuliza wewe. Asipokuja?"

Nikajaribu kujibu kishujaa, nikashindwa. Nikalala mapajani kwake kama nilivyokuwa nikilala nikiwa mdogo, nikalia kwa sauti, sikujali jirani wa tatu.

"Namtaka aje, shangazi," nikamwambia. "Aje tu. Aje hivyo hivyo na pengo lake."